Kutembea Bila Safari

Mhadhara kwa wakazi wa Kilosa na Mikumi

Vijana wa bodaboda, mmepaki pikipiki hapo nje mkaingia. Nawashukuru nyinyi zaidi ya wote, maana leo nitawasema, na ni afadhali mtu asemwe akiwepo.

Nimeombwa nizungumzie hizi simu na saa zinazohesabu hatua: kama kweli zinamfanya mtu atembee zaidi, na kama akitembea zaidi atapungua. Nitajibu yote mawili. Ila mtu wa Kilosa hawezi kuanza habari ya miguu bila kuitaja Ulaya. Wageni msishtuke. Ulaya ni kata yetu, upande wa kusini ukiwa unaelekea Mikumi, na tangu utotoni tumewatania wenzetu wa huko kwamba wanarudi Ulaya kila jioni bila pasipoti.

Marehemu baba yangu alikwenda upande wa Ulaya kwa miguu miaka mingi. Alikuwa mtu wa gengi la reli, kwenye njia ya Kilosa hadi Kidatu iliyofunguliwa mwaka 1965, kilomita 108 zinazopitia Mikumi kwenda kwenye miwa. Asubuhi kabla ya treni alikagua kipande chake: nyundo begani, spana mkononi, macho chini yakitafuta boliti iliyolegea. Saa hakuwa nayo. Alihesabu mataruma. Aliyewahi kutembea relini anajua taabu yake: taruma moja ni fupi kwa hatua ya mtu mzima, mawili ni marefu, basi unajikuta unarukaruka kama kunguru mpaka mwili uzoee. Jioni mama akimuuliza amechokaje, baba alijibu kwa idadi. "Leo elfu nane na mia tatu." Mama hakujua hizo ni kilomita ngapi wala hakuuliza. Alijua tu kwamba elfu nane ni maji ya moto ya kukandia miguu, na elfu tano ni maji ya kuoga basi.

Kwa hiyo miaka mitatu iliyopita, binti yangu aliponipa simu yake ya zamani nikakuta ndani yake programu ya kuhesabu hatua, sikuona kitu kigeni. Nilimwona baba.

Siku ya kwanza simu iliniambia nimetembea hatua 2,300 na ushei. Nikasema imeharibika. Nikaiweka mfukoni, nikatoka mlangoni hadi bombani na kurudi nikihesabu kwa mdomo kama mtoto wa chekechea. Simu haikukosea. Mimi niliyefundisha kwa miaka 34, nikizunguka kati ya madawati, nikienda shule na kurudi kwa miguu, nilistaafu na miguu yangu nayo ikaandika barua ya kustaafu siku hiyohiyo. Sokoni nilikwenda kwa bodaboda. Kwenye maziko, bodaboda. Benki imeingia kwenye simu. Maji yamekuja uani. Hakuna hata moja kati ya hayo ninalotaka kulirudisha lilikokuwa, lakini kila moja liliondoka na hatua zake na hakuna aliyenipa risiti. Kazi ya kwanza ya kihesabu hatua ni hiyo: kukuandikia risiti.

Sasa tutazame lugha yetu kidogo, kwa sababu shida ya mambo haya imekaa humo. Kiswahili hakimpi heshima kubwa mtu anayetembea tu. Ukisema umekwenda kutembea, watu wanaelewa umekwenda kwa shangazi. "Karibu utembee" maana yake njoo nyumbani, tutachinja kuku. Mtu akisemwa kwamba anatembeatembea, hiyo si sifa. (Na "anatembea na fulani" tuiache, watoto wapo.) Kwetu miguu ni ya safari, na safari ina mahali inapofika na jambo linalopeleka watu huko. Bonde hili la Mkondoa lilikuwa njia ya miguu zamani kabla halijawa njia ya gari. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Usagara, na Stanley alipita kando ya mto huu mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Mpagazi alibeba hadi frasila mbili, kama kilo 32, siku baada ya siku. Sidhani yeyote kati yao aliwahi kusema anatembea kwa ajili ya afya. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, ikapita hapa, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, mzigo ulishuka kwenye mabega ya watu, na hilo lilikuwa jambo jema. Tangu 2024 treni ya umeme inapita kwenye mahandaki ya milima yetu kwenda Dodoma na abiria anashuka shati likiwa limenyooka. Hilo nalo ni jema.

Hata Mwalimu Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi Oktoba 1967, zaidi ya kilomita 200, hakutembea ili apungue. Hakuwa na cha kupunguza. Alitembea kwa ajili ya Azimio la Arusha, kwenda kwenye mkutano wa chama. Kwa hatua ya mtu wa kawaida, ambapo kilomita moja ni hatua kama 1,400, safari ile ni hatua karibu laki tatu, na kila moja ilikuwa na sababu.

Ndiyo maana nilipoanza kutembea jioni, kutoka kwangu kwenda na kurudi bila kikapu, bila jembe, bila barua mkononi, mtaa mzima ulipata wasiwasi. Bodaboda wa kwanza alisimama: "Mwalimu, panda nikupeleke." Nikamwambia sina ninakokwenda. Akanitazama, akazima injini. "Mwalimu, kuna tatizo nyumbani?" Wa pili alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, akanibeba kwa nguvu ya heshima, ningekataa ningemvunjia adabu yake. Siku ile simu iliandika hatua 1,900. Wiki ya pili nikajifunza kubeba kikapu kitupu. Nikiwa na kikapu, hakuna anayeuliza.

Mniruhusu sasa niseme habari ya hatua 10,000, kwa sababu kila mwenye simu ananitajia namba hiyo kana kwamba imeteremshwa mlimani. Namba hiyo ilitoka Japani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa iliuza kifaa cha kufunga kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la biashara, namba kamili inayokaa kichwani. Utafiti wa kuilinganisha na vifo na magonjwa ulikuja miaka mingi baadaye. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 16,741, wenye wastani wa umri wa miaka 72, waliovaa vifaa vya kupima mwendo. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Mwaka 2025 uchambuzi mwingine mkubwa uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha jambo linalofanana: hatua 7,000 zikilinganishwa na 2,000, vifo vinapungua kwa karibu nusu. Mwalimu wa sayansi ndani yangu ananilazimisha kuongeza neno: tafiti za namna hii zinaangalia watu jinsi walivyo, na mtu mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu anaumwa. Kwa hiyo si kila asilimia ni ya miguu. Lakini hata ukikata sehemu, kinachobaki kinatosha kumtoa mzee kitini. Na angalieni mahali faida ilipo kubwa: ni kwa yule wa chini kabisa, anayetoka elfu mbili kwenda nne. Mzee wa 2,300 kama mimi ana utajiri mkubwa zaidi mbele yake kuliko kijana wa elfu tisa.

Je, kifaa chenyewe kinamsogeza mtu? Ndiyo, kiasi. Mwaka 2007 Dena Bravata na wenzake walikusanya tafiti 26 za vihesabu hatua wakakuta watumiaji wameongeza mwendo wao kwa karibu asilimia 27, yaani hatua zaidi ya 2,000 kwa siku. Kilichotofautisha waliofanikiwa na wengine ni kuwa na lengo, idadi waliyojiwekea. Mwenye kifaa bila lengo alibaki na kifaa.

Lakini hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mliokuja kwa ajili ya kitambi.

Mwaka 2008 Caroline Richardson na wenzake walitazama tafiti tisa za watu walioongeza hatua bila kugusa chakula. Kwa muda wa kama wiki 16, wastani wa kupungua ulikuwa kilo moja na robo. Mimi niliandika kwenye daftari miezi minne. Kutoka hatua 2,300 nilifika 7,000 kwa siku, nikiwa na kikapu changu kitupu. Kilo zikatoka 91 hadi 89, na mojawapo ya hizo mbili naishuku, maana mara ya kwanza nilipimwa kwenye mizani ya duka la mazao nikiwa na koti na mwenye duka akiwa na haraka. Miezi minne ya jasho, kilo mbili! Nilikasirika. Nikataka kumrudishia binti simu yake.

Jibu la hasira yangu lilikuwa limeandikwa hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walitembea kwa wastani kilomita 11.4 kwa siku, wanawake kilomita 5.8. Ungetarajia wanachoma nishati maradufu ya mtu wa ofisini Marekani. Sivyo ilivyokuwa. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku nzima haikutofautiana na ya watu wa mijini huko ughaibuni. Mwili una uchumi wake: ukitumia kwenye miguu, unabana kwingine. Wahadza si wembamba kwa sababu ya kutembea peke yake. Tazameni pia wanachokula na kiasi chake.

Sasa nendeni jikoni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Kwa mtu wa uzito wangu, hatua 10,000 zinatumia kalori za ziada takriban 300. Fanyeni hesabu: kijiko kimoja ni kama hatua elfu nne. Soda moja ya mililita 350, kama hatua elfu tano. Mimi nilikuwa natembea jioni yote, nafika kwenye kona ya sokoni nimechoka, najipongeza kwa soda baridi na maandazi mawili, kisha narudi nyumbani kwa bodaboda kwa sababu giza limeingia. Simu ilikuwa inahesabu vizuri kabisa. Haikuwa na sehemu ya kuhesabu maandazi.

Mke wangu ndiye aliyefunga mjadala. Hakusema neno juu ya hatua. Alipunguza mafuta kwenye mboga, akabadilisha sahani yangu ya ugali na ile ya wajukuu, na soda ikahamia siku za sikukuu. Miezi mingine minne: kilo 84. Hatua zilibaki zilezile elfu saba.

Basi kwa nini niendelee kutembea? Kwa sababu presha yangu imeshuka, kwa sababu nalala, kwa sababu magoti yamenyamaza. Na kuna jambo la kustaajabisha ambalo lazima niliseme ingawa linatibua biashara ya vifaa hivi. Mwaka 2016 John Jakicic na wenzake huko Pittsburgh walitoa matokeo ya miaka miwili kwa vijana 471 wenye uzito mkubwa. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Baadaye nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa kinachopima mwendo, wengine wakajiandikia wenyewe. Wenye kifaa walipungua kilo 3.5, wasio nacho, 5.9. Kwa nini, watafiti wenyewe wanabishana. Mimi nina dhana yangu, ichukueni kama dhana: mtu akiona namba kubwa kwenye mkono anahisi ameshalipa, na aliyelipa huenda kula.

Nije kwenye jambo zito kuliko kalori. Hapa kwetu mtu akinenepa tunasema amenawiri, maisha yamemkubali. Akipungua tunauliza, "Vipi, unaumwa?" Wengi wetu humu tulizika watu waliokonda miaka ya 1990, tunajua ile hofu inayopita machoni mwa jirani. Nilipofika kilo 84 mama mmoja sokoni alinishika mkono akaniombea dua pale pale kwenye nyanya, kwa sauti. Niliitikia amina, ningefanyaje? Mwenye nia ya kupungua anapaswa kujua kwamba atapigana na huruma ya watu kabla hajapigana na ugali. Na bado namba zinatukabili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015 na 2016 ukakuta asilimia 28. Miaka mitano. Kukonda kwa njaa bado kupo kwenye nyumba zilezile za mtaa mmoja, na hilo linafanya maneno ya mhadhiri yeyote wa kupunguza uzito yawe ya aibu kidogo mdomoni. Yangu pia.

Kwa hiyo nasema wazi ninaowaambia watembee. Si mama wa Ruhembe anayetoka alfajiri kwenda kwenye miwa na kurudi na kuni. Asije mtu na simu akamwambia mama anayefuata maji mbali kwamba hayo ni mazoezi mazuri. Huyo anahitaji bomba. Halafu kifaa chenyewe hakimjui: simu ameiacha nyumbani inachajiwa, au ameifunga kwenye pindo la kanga, au iko kifuani inayumba, saa ya mkononi nayo humkosa akishika ndoo kichwani au akisukuma baiskeli yenye mzigo, maana mkono hautingishiki. Akikaa kutwanga, huenda ikamwandikia hatua mia tano bila kuondoka kinuni. Ndani ya simu kuna kitambuzi kidogo kinachohisi mtikisiko. Programu inakisia mtikisiko upi ni hatua. Nilimpa kijana mmoja wa bodaboda simu yangu siku nzima, akaiweka kwenye koti. Jioni aliniletea hatua 6,000. Nikamuuliza alishuka mara ngapi. Akacheka. Ilikuwa barabara ya vumbi inatembea, si yeye.

Ninaowaambia ni sisi tunaokaa. Wastaafu. Watu wa ofisi za halmashauri. Wenye maduka. Vijana wa bodaboda, nyinyi mnaotubeba: mnakaa saa kumi na mbili kwa siku, na nimeona vitambi vinaanza kwenye miaka 25. Na zaidi ya wote, wale wa Mikumi.

Mikumi nimekwenda mara nyingi, na ndugu zangu wa huko waliokuja leo watanisahihisha. Ule mji umekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori yanasimama pale kula. Dereva ametoka Dar es Salaam amekaa. Atafika Tunduma amekaa. Kati yake kuna chipsi, mishikaki, soda mbili na usingizi ndani ya kabini. Nilizungumza na dereva mmoja, mtu mzima wa makamo, aliyeniambia tangu aanze kazi ya lori suruali zimebadilika namba nne. Nilimpendekezea jambo ambalo amelifanya, na ni bora kuliko kifaa chochote. Kila dereva anazunguka gari lake kugonga matairi kabla ya kuondoka. Azunguke mara kumi. Lori na tela lake ni hatua kama 50 kwa mzunguko; mara kumi ni mia tano, na tairi lililopungua upepo ataliona. Vituo sita kwa siku, hatua elfu tatu, bila kuondoka machoni mwa turnboi anayelinda mzigo.

Ila Mikumi ina sharti ambalo Kilosa haina. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inaikata kwa kama kilomita 50. Hapo hakuna mtu wa kwenda kutembea kwa miguu jioni kutafuta hatua. Tembo hajasoma mipaka, huingia mashambani na hukaribia nyumba, na saa zile nzuri za mtembeaji, alfajiri na magharibi, ndizo saa zake pia. Wenzetu wa Mikumi nawashauri uwanja wa mpira wa shule, jua likiwa limetoka. Mzunguko mmoja kando ya mstari wa uwanja ni karibu hatua 500. Sita ni elfu tatu. Mkienda wawili mtaongea, na mkienda wanane itakuwa sherehe; tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, tumehimizwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Tatizo la siku moja kwa mwezi mnalijua bila mimi kulisema.

Namna ya kuanza ni fupi. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, beba simu tu mfukoni na uandike namba ya kila jioni. Huo ndio ukweli wako, hata ukiwa 1,800. Wiki mbili zinazofuata ongeza elfu moja juu ya wastani, si zaidi. Elfu moja ni dakika kumi za mwendo wa mtu anayewahi treni, maana mwendo wa afya ni kama hatua 100 kwa dakika. Unaongea lakini huimbi. Mwendo wa kusindikiza mgeni hauhesabiki hapo, ingawa simu itauhesabu. Ukishazoea, ongeza elfu nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo, na halikuweka lengo la hatua, basi asiye na simu hana udhuru. Saa ya ukutani inatosha. Mwenye sukari atazame nyayo zake kila usiku na aache kandambili nyumbani. Anayechoma insulini abebe kitu kitamu mfukoni, na kwanza azungumze na daktari wake. Dakika kumi na tano za kutembea baada ya mlo wa usiku hushusha sukari ya damu; kwa wenye ugonjwa huo ndizo dakika bora za siku. Maumivu ya kifua ukitembea si uvivu. Nenda hospitali.

Na mpe mwendo wako safari. Hilo ndilo nililojifunza kwa kikapu kitupu. Kilichonisaidia hakikuwa lengo la elfu saba, kilikuwa orodha ya watu. Jumatatu kwa mzee aliyefanya kazi na baba gengini, ambaye haoni tena na anapenda kusomewa gazeti. Jumatano kwa dada yangu, ng'ambo ya mto, ambako tangu mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 njia imebadilika na kuwa ndefu zaidi, na sasa nashukuru kwa urefu wake. Ijumaa msikitini, kwa miguu, mapema. Tangu niwe na orodha hiyo, hakuna siku niliyotoka kutafuta hatua. Nimetoka kutembea, kwa maana yetu ya kale ya neno hilo, na hatua zimefuata nyuma kama watoto. Vijana wa bodaboda, biashara yenu sijaiua: nimewaomba mnipeleke na kunishusha kwenye mwembe, kilomita moja kabla ya ninakokwenda, kwa nauli ileile. Wawili wamekubali. Mmoja sasa anazima pikipiki, tunakwenda wote.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na maswali yapo mengi, nimeona mikono. Nilikuwa nimepima mchana: kutoka mlango wa ukumbi huu hadi stesheni ya zamani na kurudi ni hatua 2,640 kwa miguu yangu. Jua limeshuka. Wenye maswali ya kitambi wakae upande wangu wa kulia, wa presha kushoto, wazee mbele ili ndio watupe mwendo. Mwenye maandazi ayaache mezani, yatakuwepo tukirudi.